Mlezi akiugua, nani anabaki? Somo kutoka Bel-Air, Lubumbashi



Sisi ni wahudumu wa shirika dogo la kijamii katika kartie ya Bel-Air, komine ya Kampemba, mjini Lubumbashi. Kazi yetu ya kila siku ni kupatanisha majirani: ugomvi wa mipaka ya lupango, wa bomba la maji, wa deni, wa maneno yaliyosemwa sokoni. Ugonjwa wa Korona ulipofika mwaka 2020, tulijikuta tunafanya kazi ambayo hatukuizoea. Tulitafuta watu wenye ulemavu na wale wanaowatunza, ili msaada usiwapite. Tulifanya makosa. Katika somo hili tunaeleza makosa hayo na yale tuliyojifunza, ili kikundi chako kisianzie pale tulipoanzia sisi.

Jambo kuu la somo ni hili: mtu mwenye ulemavu mkubwa hufikiwa na msaada kupitia mikono ya mlezi wake. Mlezi akianguka, wameanguka watu wawili. Kwa hiyo kila nyumba inahitaji mlezi wa pili, anayejulikana kwa jina, kabla ugonjwa haujabisha hodi.

Hali ilivyokuwa

Mgonjwa wa kwanza wa Korona katika nchi yetu alithibitishwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Tarehe 18 Machi Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba shule na makanisa vifungwe, na mikusanyiko ya watu zaidi ya 20 ikakatazwa. Tarehe 24 Machi akatangaza hali ya dharura. Hapa Lubumbashi, mwezi huohuo, serikali ya jimbo iliamuru watu wabaki nyumbani kwa muda wa saa 48. Hali ya dharura ilidumu hadi Julai 2020. Ugonjwa uliporudi kwa nguvu Desemba mwaka uleule, ikawekwa amri ya kutotoka nje usiku, kuanzia saa 3 usiku hadi saa 11 alfajiri.

Nyumba nyingi za Bel-Air hununua unga wa bukari wa siku moja na makala ya siku moja. Kwa hiyo amri ya kubaki ndani ilimwumiza kila mtu. Lakini katika nyumba zenye mtu mwenye ulemavu, amri ziligusa pia jambo jingine. Tulisikia kila mahali: kaa mita moja mbali na mwenzako. Mtu anayelishwa, anayeogeshwa na kugeuzwa kitandani hawezi kukaa mita moja mbali. Kwake agizo hilo linamaanisha asile, asioge, asigeuzwe.

Matangazo yalipitia redioni, na viziwi hawakuyasikia. Mabango yalibandikwa, na vipofu hawakuyaona. Ndoo za kunawia mikono zilikuwa na kanyagio la mguu, na mtu wa kiti cha magurudumu hakuweza kulikanyaga. Wenzetu wa Goma walipata pigo la namna nyingine. Huko watu wengi wenye ulemavu waliishi kwa kuvusha bidhaa, kwa baiskeli za magurudumu matatu, kati ya Goma na Gisenyi ya Rwanda. Mpaka ulipofungwa kwa watu Machi 2020, riziki yao ilikatika mara moja.

Kosa letu la kwanza: swali la mlangoni

Tulikuwa na sabuni, unga wa mahindi na kashene za kitambaa. Tulichukua daftari, tukaongozana na shefu wa avenyu, tukapita lango kwa lango. Kwenye kila lango tuliuliza kwa sauti: "Hapa kuna kilema?"

Nyumba nyingi zilijibu: "Hapana baba, hapa hakuna."

Siku ya pili jioni, mama mmoja muuza matembele alitufuata njiani. Akasema: "Wanangu, mmepita kwetu na mmeuliza. Kwa jirani yangu msichana yupo, yuko chumba cha nyuma. Lakini nani atajibu swali la namna ile mbele ya watu?"

Tulirudi siku nyingine bila daftari, tukakaa, tukasikiliza. Familia zilitupa sababu nne za kuficha:

1. Neno lenyewe. "Kilema" ni neno la kumtukana mtu. Tulipaswa kusema "mtu mwenye ulemavu", tena kwa sauti ya chini.

2. Hofu ya kuchukuliwa. Watu waliogopa kwamba anayeandikwa wakati wa ugonjwa atapelekwa karantini peke yake, na huko hakuna atakayeelewa ishara zake.

3. Aibu. Bado kuna familia ambazo mtoto akizaliwa na ulemavu, watu hunong'ona juu ya ulozi. Mama huona ni afadhali kumficha mwanawe kuliko kusikia maneno hayo.

4. Kumbukumbu ya mji. Lubumbashi haijasahau miaka ya 1992 na 1993, wakati watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga. Wazee kadhaa walituuliza wazi: "Orodha hii inakwenda wapi, na ni nani atakayeisoma?"

Basi tulibadili mambo mawili. Kwanza, tulibadili aliyeuliza. Watu wenye ulemavu wa Bel-Air wenyewe walitembea mbele yetu. Mama anayetembea kwa magongo akibisha hodi, mazungumzo huanza kwa njia nyingine kabisa.

Pili, tulibadili swali. Tulitumia maswali sita ya Kundi la Washington, ambalo liliundwa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 2001 ili nchi zihesabu ulemavu kwa njia moja. Maswali hayo hayataji ulemavu hata kidogo. Yanauliza kama katika nyumba kuna mtu anayepata shida ya kuona, ya kusikia, ya kutembea au kupanda ngazi, ya kukumbuka au kukaza mawazo, ya kujiogesha au kujivika, na ya kuelewana na wengine anapozungumza. Jibu ni moja kati ya manne: hapana, shida kidogo, shida kubwa, au hawezi kabisa. Milango iliyokuwa imefungwa ilifunguka.

Kosa letu la pili: nyumba iliyokuwa kwenye orodha

Kosa hili lilituumiza zaidi, kwa sababu safari hii nyumba tuliijua.

Mama mmoja mjane aliishi na mwanawe kijana. Kijana hatembei na hasemi tangu utoto. Mama aliuza makala barabarani na kurudi kila mara kumtazama. Tulikuwa tumewaandika. Tuliwapelekea sabuni na unga mara mbili, na mara zote mbili tukaweka alama kwenye karatasi yetu kwamba nyumba hii imesaidiwa.

Mapema mwaka 2021 mama huyo alipata homa na kikohozi. Hakwenda kituo cha afya. Kwa siku nne alijifunga kitambaa mdomoni akaendelea kumlisha mwanawe na kumgeuza, huku mwenyewe akishindwa kusimama. Majirani walijua. Waliogopa kuingia, wakawa wanaacha chakula langoni. Siku ya tano chakula kilikuwa bado palepale. Hapo jirani mmoja aliingia, mama ambaye miaka miwili kabla alikuwa amegombana naye juu ya mfereji wa maji machafu. Ugomvi ule sisi wenyewe ndio tuliousuluhisha. Alimkuta mgonjwa amelala sakafuni, kando ya kitanda cha mtoto. Alikuja kutuita mbio.

Tulipomuuliza mama kwa nini hakwenda kutibiwa mapema, alijibu: "Nikienda, wakinilaza huko, nani atamgeuza mtoto?"

Alilazwa karibu majuma mawili, akapona. Yule jirani alimtunza kijana kwa moyo wote. Alimlisha, alimwogesha, alimfukuzia mbu. Lakini hakujua kwamba anapaswa kugeuzwa mchana na usiku. Mama aliporudi alikuta kidonda mgongoni mwa mwanawe. Kilichukua miezi kupona.

Tulikaa tukajiuliza. Unga tulileta, sabuni tulileta, maswali sita tuliuliza. Swali la saba hatukuliuliza: "Ni nani anayemsaidia kila siku, na huyo asipokuwapo, ni nani?" Na yote ambayo mama alijua kuhusu mwanawe yalikuwa kichwani mwake tu. Alipoondoka, aliondoka nayo.

Mpango wa nyumba: majina mawili, karatasi moja

Tangu hapo, hatuhesabu nyumba kuwa imesaidiwa mpaka iwe na mpango huu. Hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji muda.

Hatua ya 1. Andikeni majina mawili. La kwanza ni la mlezi wa kila siku. La pili ni la mlezi wa akiba. Mtu mwenye ulemavu ndiye anayemchagua, kwa maneno au kwa ishara, pamoja na familia yake. Shirika lisimchagulie. Mlezi wa akiba anafaa awe anakaa karibu, ili afike kwa miguu.

Hatua ya 2. Mlezi wa akiba ajifunze mapema. Aje mara kadhaa afanye kazi yote mwenyewe, huku mlezi wa kwanza akimtazama. Kulisha, kunyanyua na kugeuza mtu hakufundishwi kwa maneno.

Hatua ya 3. Bandikeni karatasi ukutani, iwe na maneno machache au michoro:
- Anakula nini, na anakaaje anapolishwa. Asilishwe akiwa amelala chali, maana anaweza kupaliwa.
- Dawa zake na saa zake.
- Ageuzwe kila baada ya saa 2 ikiwa hawezi kujigeuza, na ngozi yake iangaliwe kila siku mgongoni, nyongani na visiginoni.
- Anaonyeshaje kwamba ana maumivu, njaa au haja.
- Anachokiogopa, na kinachomtuliza.
- Nambari ya simu ya ndugu, ya mlezi wa akiba na ya mhudumu wa afya.

Hatua ya 4. Wekeni akiba. Kwa mtu mwenye kifafa, dawa isikatike ghafla, kwa sababu degedege laweza kurudi kwa nguvu. Ulizeni kituo cha afya kama anaweza kupewa dawa za mwezi mzima, badala ya za juma moja.

Hatua ya 5. Ombeni ruhusa ya usiku. Amri ya kutotoka nje ilimzuia mlezi anayetoka avenyu nyingine. Zungumzeni mapema na shefu wa kartie na polisi, ili mlezi aandikiwe karatasi ya kupita.

Hatua ya 6. Patanani na kituo cha afya. Ikiwa mtu asiyeweza kujieleza atalazwa, mlezi mmoja akubaliwe kubaki naye akiwa na kinga zinazofaa.

Kujikinga bila kumwacha mtu

- Kwa mlezi: anawe kwa maji na sabuni kabla na baada ya kumgusa mtu, na avae kashene akiwa na kikohozi. Haiwezekani kukaa mbali, lakini inawezekana kupunguza idadi ya watu wanaomgusa.
- Kwa asiyeona: yeye huongozwa kwa kushika kiwiko. Lakini sote tulifundishwa kukohoa kwenye kiwiko! Basi wakati wa ugonjwa wa kuambukiza ashike bega. Mwambie jina lako kabla ya kumgusa.
- Kwa asiyesikia: kashene huficha midomo. Sogea mbali kidogo na uishushe ili aone, au andika, chora, tumia ishara. Muulize mwenyewe ni njia ipi anapenda.
- Kwa wanaotumia kiti cha magurudumu, magongo au fimbo: sehemu zinazoshikwa zipanguswe kwa sabuni kila anaporudi nyumbani. Ndoo ya kunawia iwekwe chini, mahali pa kufikiwa na mtu aliyeketi.
- Kwa asiyeweza kuvua kashene mwenyewe: asivalishwe. Walio karibu naye ndio wavae.
- Kwa mwenye ulemavu wa akili: eleza kwa maneno mafupi, onyesha kwa vitendo, rudia kila siku saa ileile. Usimtishe kwa kifo ili akubali kunawa.

Mlezi naye ni mtu

Katika Bel-Air karibu walezi wote tuliokutana nao ni wanawake na wasichana. Shule zilipofungwa Machi 2020, na tena Desemba 2020, wasichana wengi walipewa kazi ya kutunza ndugu yao mchana kutwa. Shule zilipofunguliwa, wengine hawakurudi, kwa sababu nyumba ilikuwa imezoea msaada wao. Tunasihi kila kikundi kiulize jambo hili mapema: msichana huyu atarudi shule siku gani, na nani atachukua zamu yake?

Tulianza kuwakutanisha walezi chini ya mwembe, wachache kwa wachache, kila mtu na kiti chake. Tulidhani wataomba unga. Wengi waliomba usingizi. Mama mmoja alikiri, huku akilia, kwamba alikuwa amempiga mtoto wake usiku kwa uchovu. Hakuna aliyemhukumu. Wenzake wawili walipanga kumpokea zamu kila Jumamosi mchana, ili alale. Tukaelewa kwamba pumziko la mlezi ni kinga ya mtu anayetunzwa. Kikundi chenu kikiona mlezi anakasirika kwa jambo dogo, haogi, au hataki tena kuzungumza na watu, kisingoje aombe msaada.

Msaada usilete ugomvi

Sisi ni watu wa amani, na ni lazima tuseme ukweli huu: msaada unaogawiwa vibaya huleta vita vidogo. Katika avenyu moja watu walisema tumependelea kabila fulani, kwa sababu nyumba tatu zilizopata kwanza zilikuwa za ukoo mmoja. Haikuwa kweli, lakini hatukuwa tumeeleza chochote, na penye kimya uvumi hujaa.

Sasa tunafanya hivi. Tunasoma vigezo mbele ya watu wote: shida kubwa katika moja ya mambo sita, na mlezi asiye na wa kumsaidia. Majina hatusomi hadharani, wala hatuandiki kabila. Daftari linakaa kwa watu wawili tu, na mmoja wao ni mtu mwenye ulemavu. Anayeona ameachwa anajua pa kulalamikia. Mwisho, kila mara tunaacha kitu kwa ajili ya avenyu nzima, hata kama ni ndoo moja ya kunawia mikono, ili jirani asione kwamba ulemavu wa mwenzake umemnyima yeye.

Na majirani wasihesabiwe kuwa watazamaji tu. Wakati wa kufungiwa, msaada wa mbali haukufika usiku. Aliyeingia siku ya tano alikuwa jirani. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sheria iko upande wetu

Watu wengi hudhani kwamba tunaomba huruma. Katiba ya mwaka 2006, ibara ya 49, inawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya hatua maalumu za ulinzi. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2015, na ibara ya 11 ya mkataba huo inazidai serikali ziwalinde watu hao wakati wa hatari na dharura. Tarehe 3 Mei 2022 ikatolewa Sheria ya Kikaboni nambari 22/003 kuhusu kulinda na kukuza haki za watu wenye ulemavu. Unapokwenda kwa shefu wa kartie au kwa burugumesta wa komine, nenda na maneno haya mkononi, na nenda pamoja na watu wenye ulemavu wenyewe.

Zoezi la kikundi

Gaweni watu katika vikundi vidogo. Kila kikundi kichague nyumba moja wanayoifahamu, bila kutaja jina, kisha kijibu:

1. Mlezi wa nyumba hiyo akilazwa leo jioni, nani ataingia kabla ya saa 3 usiku?
2. Huyo atakayeingia anajua nini? Hajui nini?
3. Kati ya majirani, yupo aliyegombana na nyumba hiyo? Upatanisho wao utafanyika lini?
4. Tangazo la mwisho la afya katika mtaa wetu lilimfikiaje asiyesikia na asiyeona?
5. Katika kamati yetu, ni wangapi wenye ulemavu, na ni wangapi walezi? Je, wanasema au wanakaa tu?

Mwisho

Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza Mei 2023 kwamba Korona si dharura ya kimataifa tena. Lakini Agosti 2024 lilitangaza dharura nyingine, ya ugonjwa wa mpox, ambao nchi yetu iliumizwa nao kuliko nyingine zote. Ugonjwa huo huambukiza kwa kugusana ngozi kwa ngozi, na kazi yote ya mlezi ni ya kugusa. Kipindupindu nacho katika jimbo letu ni mgeni anayeijua njia.

Nyumba ya yule mama muuza makala sasa ina karatasi ukutani. Jina la pili ni la jirani wa mfereji. Kila Alhamisi huja kumgeuza kijana na kumlisha, hata siku ambazo mama yu mzima, ili mikono isisahau. Sisi tukipita huko, jambo la kwanza tunaloangalia ni karatasi hiyo. Tunakuomba, ndugu msomaji, juma hili uingie katika nyumba moja tu ya mtaa wako na kuuliza swali la saba.